Sanda ya Bibi Swaumu na Ushindi wa Mfalme

Bibi yangu Swaumu alikuwa na kila kitu cha kufia isipokuwa ugonjwa.

Uvunguni mwa kitanda chake, ndani ya sanduku la bati, kulikuwa na chupa ya marashi, udi, pamba, mche wa sabuni ambao haukuwahi kuonja maji, na sanda: yadi kumi na mbili za marekani nyeupe, imekunjwa vizuri kuliko barua ya Serikali. Alivinunua vyote Korogwe mwaka 1938 baada ya kuuza karanga, akarudi navyo kijijini kwetu Mazingara kichwani huku anasalimia watu njiani kama bibi harusi. Wazee wetu wengi wa Kiislamu hufanya hivyo. Kwao kufa si aibu. Aibu ni kufa, halafu majirani waanze kuzunguka nyumba kwa nyumba wakikutafutia kitambaa.

Mimi nilikuwa namtania, maana kwetu bibi ni mke wa mjukuu wake.

"Mke wangu," namwambia, "wenzako sandukuni wanaweka kanga, wewe unaweka kaburi."

"Nimeolewa na fukara, nitafanyaje?" ananijibu. "Ukimngoja mume wa namna yako akununulie sanda, utazikwa na majani ya mgomba."

Na marekani ile, kwa taarifa yako, haikutoka Marekani. Pembeni ilikuwa na muhuri wa wino, picha ya korongo na maneno ya Kiingereza kwamba imetengenezwa Japani. Miaka hiyo maduka ya Wahindi pale Korogwe yalijaa nguo za Kijapani kwa kuwa ni rahisi, na hakuna Mzigua aliyeuliza Japani ni mtu wa ukoo gani. Bibi hakujua kusoma. Aliamini lile korongo ni ndege wa peponi, na akalihesabu katika faida.

Basi wakubwa wa Ulaya wakagombana. Sisi tuliambiwa vita viko mbali sana, tusiwe na wasiwasi. Ni kweli vilikuwa mbali, ila vilijua njia ya Mazingara, na vilipofika viliingilia kabatini. Japani ilipojiunga na Mjerumani, nguo za Japani zikakoma. Viwanda vya Uingereza navyo vilikuwa vinashona sare. Kile kidogo kilichofika Korogwe kiligawiwa kwa cheti, na wa kwanza kupata walikuwa manamba wa mashamba ya mkonge, kwa sababu mkonge ni kamba za manowari, na kamba ya manowari ina haki ya kwanza mbele ya makalio ya mkulima wa muhogo.

Kufikia mwaka wa tano wa vita, Mazingara tulikuwa tunavaa magunia ya katani. Ukitaka kumjua mwenye uwezo, unatazama gunia lake limetoboka wapi. Jirani yetu mmoja akafa, akazikwa kwa mkeka. Bibi alilia siku tatu. Siku ya nne akalitia sanduku lake kufuli.

Akawa na mazoea mengine. Kila Ijumaa asubuhi anaitoa sanda, anaianika juani mende wasiizoee, anakaa chini yake na fimbo. Wapita njia wanapunguza mwendo. Yadi kumi na mbili nyeupe zinapepea, na wao wamevaa mifuko.

Mei 1945 shule yetu ya sekondari kule Tanga iliturejesha nyumbani wiki tatu kwa sababu unga umekwisha. Nilipoingia Mazingara nikakuta furaha na hofu vimekaa benchi moja. Furaha ni kwamba Mjerumani ameshindwa. Hofu ni kwamba tarishi wa boma la Handeni ameleta barua: kila Zumbe, yaani jumbe wa kijiji, asherehekee ushindi kwa ngoma na bendera, na Jumamosi Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu wa wilaya, atapita kukagua furaha yetu.

Zumbe wetu alikuwa Mzee Mhina, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuitia mbuzi. Alikuwa na kanzu mbili na kilemba, nguo nyeupe pekee zilizobaki kijijini ukiondoa ya Bibi. Boma lilimpa kwa cheti maalumu ili Serikali isionekane imevaa gunia. Kwa upande wa mavazi, basi, Serikali ilikuwa salama. Shida ilikuwa bendera. Ile aliyopewa wakati Mfalme anavishwa taji, mkewe Mashavu alikuwa ameikata mwaka uliopita akamshonea mtoto wao Muhidini kaptula. Kijiji kizima tulimwona Muhidini anakimbia na Uingereza matakoni, na hakuna aliyesema neno. Utamshitaki Zumbe kwa nani? Kwa Zumbe?

Sasa Bwana Shauri anakuja, na mlingoti uko mtupu.

Zumbe alitazama kijiji chake akaona kitambaa cha maana kiko kwa mtu mmoja tu. Kumwomba Bibi Swaumu sanda yake aliogopa. Angejibiwa maneno yasiyofaa kusikiwa na tarishi. Kumnyang'anya aliogopa zaidi, maana anayemnyang'anya kikongwe sanda hana hakika atazikwa na nani. Ndipo akamkumbuka Valerian.

Valerian alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Alikuja Korogwe kukata mkonge, akamaliza mkataba, akaoa Mzigua, akabaki kwetu analima mihogo na kuchekesha watu. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Mtani akikuchukulia kuku, unacheka. Akija msibani kwako akatangaza kwamba marehemu alikuwa mwizi wa mihogo, unacheka na unampa chochote. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa, na wazee watakutoza mbuzi kwa kosa la kukasirika. Mtu mwenye mtani hana pa kushitakia.

Zumbe alifurahi kama aliyevumbua moto. Akamwahidi Valerian kwamba mwaka mzima hataitwa kulima barabara ya boma.

Ijumaa ile, kama nilivyosimuliwa na wanawake waliokuwa wanatwanga pale uani, Valerian alikuja anaimba.

"Mtani! Bado hujafa? Sisi tumechoka kungoja pilau!"

"Nitakufaje wakati wewe hujaoga?" Bibi akamjibu. "Nani ataninyanyua, na harufu hiyo?"

"Basi leo nakuzika ungali hai." Akaivuta sanda kwenye kamba, akajizungusha mwilini toka shingoni hadi miguuni, akaanza kucheza uani kama maiti aliyesahau kitu dukani. Wanawake walicheka mpaka michi ikawaponyoka. Bibi naye alicheka. Valerian akatoka anachezacheza nje ya ua, akapotelea kwenye migomba, na bado wanacheka.

Bibi akamkamata kuku jike, akamfunga miguu, akakaa kungoja. Ndiyo desturi: mtani anarudisha, unampa kuku. Alingoja mpaka kuku akataga palepale.

Mimi nafika alasiri hiyo, begi begani, hata nyumbani sijakanyaga. Nyumba ya Zumbe iko njiani, na Zumbe mwenyewe kasimama barazani.

"Shikamoo, Zumbe."

"Marahaba, msomi wetu. Unaijua bendera ya Mfalme?"

"Naijua, Zumbe. Iko kwenye jalada la daftari langu."

"Mungu ni mkubwa. Weka mzigo chini."

Ndani, fundi wake alikuwa ameshakata kitambaa mapande manne na kuyashona ubavu kwa ubavu, likawa kubwa kama paa. Zumbe alikuwa amesikia kwamba Zumbe mwenzake wa ng'ambo ya mto ana bendera ndogo, akaona hapo pana nafasi ya kumpita. Rangi zilikuwa tayari: ngeu, ule udongo mwekundu, iliyonunuliwa kwa Wamasai, imekorogwa na mafuta ya nyonyo, na bluu ya kufulia.

"Kitambaa kimetoka wapi, Zumbe?"

"Boma," akasema, hata jicho halikupepesa.

Pembeni niliona muhuri wa korongo. Nikajiambia, Korogwe nzima iliuza kitambaa cha korongo. Mtu aliyesoma ana kipaji kikubwa cha kutoelewa anachokiona. Nikafungua daftari, nikapiga magoti, nikachora msalaba mmoja uliosimama na mingine ya mshazari, nikapaka kwa moyo wote. Sikuwahi kupata kazi safi namna ile darasani. Zumbe alinisifu, akanipa muhogo wa kuchoma.

Jua linashuka, nafika nyumbani. Bibi amekaa na kuku wake.

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba. Mume wangu, mbona mikono myekundu? Umechinja nini?"

"Nimepaka bendera ya Zumbe. Bibi, ungeiona! Kubwa kama..."

 Nilikuwa nimeitazama kamba ya kuanikia, iko tupu, na leo ni Ijumaa.

"Endelea," Bibi akasema taratibu. "Kubwa kama nini?"

 Akaniuliza hiyo bendera ina picha gani. Nikamwambia ni mistari tu. Mistari ya namna gani? Nikachora chini kwa kidole, kidogokidogo, nikitumaini nitakosea. Bibi hajui kusoma, lakini misheni amepita mara nyingi, na msalaba anaujua.

"Umeniandikia misalaba kwenye sanda yangu," akasema. "Kwa mkono wako. Halafu ukala muhogo."

Masizi ya muhogo yalikuwa bado mdomoni.

Kesho yake, kabla ngoma hazijaanza, tulikwenda kwa Valerian. Tulimkuta anajificha nyuma ya ghala, na kwa mtu wa kimo chake lile ghala lilikuwa dogo.

"Mtani, kuku wako huyu hapa. Nipe nguo yangu."

Valerian alikuwa ameshajua imepelekwa wapi, na uso wake haukuwa na utani. "Mtani wangu, nisamehe. Mimi nilidhani Zumbe anataka kukuchekesha tu. Nimeshampa, naye kampa Mfalme. Nitamfuata wapi Mfalme?"

"Kwa hiyo aliyenayo ni Mfalme?"

"Ndiyo, mtani."

"Na ameichukua kwa utani?"

Valerian akajikuna kichwa. "Kwa njia hiyo, naam. Iliondoka kwako kwa utani. Haikuwahi kununuliwa."

"Vizuri," Bibi akasema. "Basi Mfalme naye ni mtani wangu. Nilikuwa sijui."

Akampa kuku, akaenda kuoga. Zumbe katika hesabu zake zote alisahau kitu kimoja ambacho hata mtoto wa Kizigua anakijua: utani una njia ya kwenda na njia ya kurudi. Cha mtani huchukuliwa, na cha mtani hurudishwa kwa njia ileile, wala hakuna wa kukasirika.

Saa nne Bwana Shauri alifika kwa lori, na askari wawili na karani wake Athuman, ambaye ndiye aliyekuwa anageuza Kiswahili chetu kikawa Kiingereza, na adabu zetu akaziongeza palipopungua. Bwana Shauri alikuwa kijana mwekundu, mchovu, ambaye wiki hiyo alikuwa ameshakagua furaha kumi na moja. Bendera ikapandishwa, naye akaipigia saluti. Kwa kweli ilipendeza. Ilijaza mbingu ya Mazingara. Zumbe alisimama chini yake na kanzu yake ya boma, kilemba kama kitunguu, akasoma hotuba: Mfalme ameshinda, sisi tumeshinda, Mazingara imeshinda. Watu mia mbili waliovaa magunia wakapiga makofi, na vumbi la katani likatimka.

Bibi akatoka katika kundi la wanawake. Hakukimbia. Alivuka uwanja kwa mwendo wa mtu anayeona mvua inakuja naye ana nguo kambani. Akafika mlingotini, akafungua kamba, akaishusha bendera ya Mfalme, akaanza kuikunja.

Ngoma zikanyamaza. Askari mmoja akaanza kwenda, akasimama, akamtazama mwenzake. Hawakuwa wamefundishwa kumkamata bibi kizee anayekunja nguo.

"Mwanamke huyu anafanya nini?" Bwana Shauri akauliza.

"Anafanya nini?" Athuman akamuuliza Zumbe.

Zumbe alikuwa amefungua mdomo lakini kilichotoka hakikuwa lugha.

"Mwanangu," Bibi akamwambia Athuman, "mwambie Bwana mkubwa namchukulia mtani wangu Mfalme kitu changu. Yeye alianza. Asikasirike, akikasirika ni mbuzi. Na yeye kama ana haja na chochote kwangu aje achukue, kuku yupo."

Athuman alikuwa Mbondei, utani anaujua vizuri. Alimtazama Bibi, akamtazama Bwana Shauri, akaona kazi yake inaning'inia.

"Anasema," akafasiri kwa Kiingereza, nami nikasikia kwa masikio yangu, "kwamba Mfalme ni jamaa yake wa karibu."

Bwana Shauri akavimba shingo. Kuishusha bendera siku ya ushindi, mbele ya watu, hilo lilikuwa jambo la kufungwa. Akapiga hatua tatu mpaka mlingotini, akanyoosha mkono kumpokonya. Bibi alikuwa amefika kwenye kunjo la mwisho, na kunjo la mwisho, kwa mazoea ya miaka saba, ni lile la korongo kukaa juu.

Bwana Shauri akasoma. Akainama, akasoma tena.

Japani ilikuwa bado haijashindwa. Vijana wetu wa KAR, jeshi la Mfalme, walikuwa bado wako Burma, wanapigana nayo. Na hapa, katika wilaya yake, amepiga saluti mbele ya watu mia mbili kwa kitambaa cha adui, bado kina muhuri wa kiwanda.

Niliuona uso wake unafanya kazi. Akimkamata bibi huyu, itabidi aandike Tanga kwa nini. Akiandika kwa nini, itabidi aeleze bendera imetokana na nini. Akieleza hilo, Tanga wataandika Dar es Salaam, na Dar es Salaam hawajui kucheka. Akaushusha mkono aliokuwa ameunyoosha. Halafu akasema neno fupi kwa Athuman.

"Bwana Shauri anasema," Athuman akatangaza, jasho linamtiririka, "kwamba mama huyu amefanya vyema. Bendera ile ilikuwa haifai. Aondoke nayo. Na Zumbe ahakikishe siku Japani ikishindwa pawe na bendera inayofaa, la sivyo patakuwa na Zumbe mwingine."

Wakapanda lori. Ngoma ikaendelea, kwa kuwa ilikuwa imeshalipiwa pombe.

Utadhani Bibi alishinda. Hata mimi nilidhani. Tukaenda mtoni, tukafua toka adhuhuri mpaka alasiri na ule mche wa sabuni ambao haukuwahi kuonja maji. Bluu ilitoka yote, mto ukawa samawati. Ngeu haikutoka. Mafuta ya nyonyo yalikuwa yameishikisha vizuri, kazi safi kama nilivyosema. Kilichobaki ni kitambaa cheupe chenye misalaba myekundu mitupu, inayoonekana kutoka ng'ambo.

"Bora ungeiacha na bluu," Bibi akasema. "Ilikuwa inaisitiri."

Tukampelekea Mwalimu Mbaruku wa chuo cha Kurani. Alikitazama kitambaa, akashika ndevu. "Bibi Swaumu, vitabu vimesema habari ya hariri, habari ya rangi, hata habari ya asiye na nguo kabisa. Habari ya bendera sijaikuta." Alipoona machozi yake akaongeza haraka, "Mungu anatazama nia." Bibi akamjibu kwamba nia anayo, anachotafuta ni kitambaa.

Wiki ile akaanza kuugua. Alikuwa hajaugua miaka yote niliyomjua, na sasa kifua kinambana, na akikohoa anatazama sanduku, si dawa. Nilimtania, hakujibu. Hapo nikaogopa. "Nikifa kesho," aliniambia, "nitafufuliwa na alama ya watu wengine. Nitawaambia nini? Kwamba mume wangu alikuwa hodari wa kuchora?"

Tukaenda Korogwe, mimi na yeye, kipande kwa miguu, kipande juu ya lori la mahindi. Usiku tulilala Kwamndolwa kwa shangazi, asubuhi tukazunguka maduka. Rafu zilikuwa tupu, zimepangwa makopo ya biskuti ili zisione haya. Mwenye duka la mwisho, Mhindi mzee aliyemkumbuka Bibi toka 1938, alitoa kiti.

"Mama, nguo nyeupe hakuna. Ikija inakwenda shambani, kwa manamba. Una cheti?"

"Cheti cha nini? Mimi nataka kufa tu."

"Hata kufa, mama. Siku hizi kwa cheti."

"Lini itapatikana?"

Mzee akainua mabega. "Uliza Japani."

Wakati wa kurudi tukavuka mto. Halafu Bibi akaniuliza, "Hiyo Japani ikishindwa, Zumbe si atataka bendera?"

"Atataka, Bibi. Kazi yake iko hapo."

"Na kitambaa hakuna."

"Hakuna, hata Korogwe umeona."

"Mm," akasema. Naapa, toka pale hakukohoa tena.

Agosti nimerudi likizo, habari ikaja: Japani imesalimu amri, kwa bomu la namna ambayo hakuna aliyeweza kutueleza. Siku ya pili yake tarishi na barua. Siku ya tatu, Zumbe Mhina mlangoni kwetu, peke yake, bila ile sauti ya mbuzi.

"Hodi. Habari za hapa, mama Swaumu?"

"Njema, Zumbe. Karibu kigoda. Mume wangu, mpe Zumbe maji, anatoka jasho."

Alizunguka sana. Alisifu muhogo, alilaani ngedere. Mwishowe akatua. "Mama, ile... ile nguo yako. Ile yenye mistari. Bwana Shauri yuko njiani."

"Nguo ipi? Mimi nina bendera tu," Bibi akasema. "Mazingara nzima bendera ni yangu. Hata naona pengine mimi ndiye Zumbe."

"Niazime. Siku moja."

"Nikifa siku hiyo?"

"Hutakufa, mama!"

"Umeshaongea na Mungu? Lete sanda nyeupe niweke sandukuni, nami nitakupa bendera. Kwa utani, nisingekudai chochote. Lakini wewe si mtani wangu, Zumbe. Wewe ulimtumia mtu."

"Sanda nyeupe nitaitoa wapi, na hali hii?"

 Bibi alimtazama tu, toka kwenye kilemba, polepole, akishuka na mikunjo ya kanzu mpaka kwenye vidole vya miguu, kama fundi anayepima. Zumbe akajitazama naye. Akaelewa.

"Hii ni ya boma!" akapiga kelele.

"Na ile ilikuwa ya kaburi."

Walivutana mpaka yale maji yakapata moto. Zumbe alitoa kanzu moja. Bibi akasema mwanamke huzikwa kwa vipande vitano, je, Zumbe anataka azikwe nusu? Jioni ile Mashavu alileta kanzu zote mbili na kilemba, zimefuliwa, anajizuia kucheka. Bibi akazifumua mshono kwa mshono, akazishona upya vipande vitano, akazinyoosha, akafunga kufuli. Kisha akanipa bendera na pakiti ya bluu. "Rudishia. Na safari hii usile muhogo wa mtu." Muhuri wa korongo aliuzibia kiraka mwenyewe. Kiraka kilitoka kwenye kaptula ya Muhidini, maana ilikuwa ya rangi ileile.

Hivyo ndivyo Mazingara ilivyosherehekea kushindwa kwa Japani: chini ya kitambaa cha Japani, na Zumbe amevaa gunia la mkonge lenye maandishi ya shamba mgongoni, kichwa kitupu. Aliisoma hotuba bila kuinua macho. Watu mia mbili walipiga makofi kuliko mwezi wa Mei, kwa kuwa mara hii walikuwa wanacheka.

Bwana Shauri aliikagua bendera kwa makini, hasa pembeni. Akakiona kiraka, akakigusa, akaona ni bendera halali ya Serikali, akatikisa kichwa kuridhika. Halafu akamtazama Zumbe juu mpaka chini. 

"Bwana Shauri anasema," Athuman akatangaza, "kwamba katika wilaya nzima Zumbe Mhina peke yake ndiye aliyekataa kujipamba wakati raia zake wana shida. Amevaa kama watu wake. Huu ndio uongozi. Jina lake litapelekwa Tanga apewe nishani."

Nishani ilifika baada ya mwaka mmoja. Haikuwa na mahali pa kuchomekwa, gunia lile lilikuwa limeisha.

Bibi aliichukua bendera yake jioni ileile. Anaitumia kuanikia mahindi. Sanda inaota jua kila Ijumaa, fimbo iko pale. Valerian akipita anapiga kelele kutoka barabarani, mbali: "Mtani, sikugusi! Natazama tu!"

Ijumaa moja nilikuwa nimekaa naye chini ya kamba, namsomea gazeti. Wakubwa wamekutana tena, wameketi mezani, wameanza kutazamana vibaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akinyoosha ukingo wa kile kilichokuwa kilemba.

"Mume wangu," akasema, "hao wakianza tena, unijulishe mapema."

"Ukimbie wapi, Bibi?"

"Nani akimbie? Nitakufa kabla hawajahitaji kitambaa."